Usizifunge intarapti za diski kwenye kori kwa mkono

Ndugu yangu, simamisha hiyo skripti kwanza! Umeuliza namna ya kugawa intarapti za kadi yako ya diski (ishara za kadi kwamba kazi imekwisha) kwenye kori nane za prosesa ya seva yako ya Linux. Halafu ukasema umeshazima irqbalance (programu inayozigawa intarapti yenyewe) na leo usiku skripti yako inaandika smp_affinity, faili la kuchagua intarapti iende kori gani, kwa mkono. Wallahi nimeshtuka, maana njia hiyo hiyo ndiyo iliyotutia hasara sisi.

Seva yetu ipo Mlandege, Zanzibar, inabeba mauzo ya maduka ya Darajani. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, tuliandikiwa na mtaalamu wa kulipwa, mtu wa maneno mengi. Alituhakikishia kwamba foleni (mistari ya maombi yanayokwenda diski) na vekta (intarapti za kadi, kila moja na namba yake) ni hesabu moja, unazipanga moja kwa moja. Si kweli! Vekta namba 0 ni ya foleni ya usimamizi, ile inayotuma amri za kuunda foleni nyengine, na haimo kwenye mgao wa kori. Unapoita pci_alloc_irq_vectors_affinity (wito wa kuomba vekta kwa kerneli, yaani kiini cha Linux) lazima uweke pre_vectors = 1, kwamba vekta moja ya mwanzo isigawiwe, na unapochora ramani ya kori ipi itumie foleni ipi lazima uruke hatua ile ile moja. Yeye aliweka la kwanza, la pili akaliacha.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halivunji kitu. Data inaandikwa salama, dmesg (daftari la ujumbe wa kerneli) iko kimya. Lakini ombi linatoka kori 2 na jibu linaingia kori 3, kila ombi, mchana kutwa, na kashe (kumbukumbu ya haraka) ya kori 2 haina faida tena. Siku za kawaida huoni. Mkesha wa Idi, Darajani hapana pa kukanyaga, kaunta zikaganda watu wamesimama na nguo za watoto mikononi. Mtaalamu akasema diski imechoka. Tukanunua mpya, ikaletwa na boti kutoka Dar, na seva ikabaki nzito vile vile. Pesa ile inaniuma mpaka leo.

Alipobanwa akaja na dawa yako wewe: funga kila intarapti na kori yake kwa mkono. Kerneli ikamkatalia, "Input/output error", kwa sababu intarapti hizi inazisimamia yenyewe. Badala ya kujiuliza kwa nini, akaiondoa kwenye draiva bendera ya PCI_IRQ_AFFINITY, ile inayoiachia kerneli mgao, ili akubaliwe! Skripti yake ikazielekeza zote kori 0. Ukifungua /proc/interrupts, jedwali la hesabu ya intarapti kwa kila kori, safu ya CPU0 inakimbia, nyengine zimekaa tu. Mtu anakulipisha kuiharibu kazi ambayo kerneli inaifanya bure.

Basi shika hili moja: mgao ufanywe na kerneli draiva inapopakiwa, wewe kazi yako ni kuhakikisha ramani ya foleni inafuata mgao huo. Kupima ni rahisi. Soma diski kutoka kori moja, `taskset -c 2 dd if=/dev/diskiyako of=/dev/null bs=4k iflag=direct`, na pembeni uwe na `watch -d cat /proc/interrupts`. Kwenye mistari ya kadi yako ikipanda safu ya CPU2, sawa, maana una foleni kwa kila kori. Ikipanda ya CPU3, umekosea hatua moja na hakuna skripti itakayokuponya. Kisha fungua mq/*/cpu_list chini ya /sys/block (kori zinazotumia kila foleni), linganisha na effective_affinity_list ya kila intarapti (kori inayoipokea).

Mfano mzuri wa kuiga ni drivers/nvme/host/pci.c, draiva ya diski za NVMe ndani ya msimbo wa Linux. Soma nvme_setup_irqs, halafu nvme_pci_map_queues. Utaona wameangalia hata kadi iliyopata vekta moja tu: hapo usimamizi na data vinachangia, na hatua ya kuruka inakuwa 0. Hilo pia mtaalamu wetu hakulijua.

Rudisha irqbalance, kama umeigusa draiva irudishe ilivyokuwa, pima kwa ile dd, halafu bandika hapa matokeo ya kori 2 na kori 5 pamoja na cpu_list zote. Kabla ya hapo usiguse smp_affinity, tafadhali sana.