Taharuki katika tukio la kisasi: kamera ikae wapi?

SWALI: Natengeneza filamu fupi. Kijana anaingia kwa siri nyumbani kwa mtu aliyemuua kaka yake, anajificha nyuma ya pazia, kisha mwenye nyumba anarudi. Nimeshika kamera mkononi, nikaitikisa, nikakata shoti kila baada ya sekunde mbili na kuweka muziki mzito. Walioiona wanasema haiwashtui. Nina kamera moja ya APS-C (yenye sensa ndogo, yaani kile kipande kinachonasa picha) na lenzi ya milimita 50 tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, mtazamaji wako hakijui chumba. Hajaonyeshwa mlango uko wapi, pazia liko hatua ngapi kutoka hapo, wala mwenye nyumba akiingia atapita upande gani. Kwa hiyo kamera ikitikisika anaona fujo tu. Mtu hawezi kuhofia jambo asiloliona likija.

Anza na shoti moja pana, kamera juu ya stendi, mlango na pazia ndani ya fremu moja. Hapo lenzi yako itakukwamisha. Kwenye sensa ya APS-C, milimita 50 huona sawa na milimita 75 hivi kwenye sensa kubwa, yaani eneo jembamba zaidi, na chumba cha kawaida hakitaenea hata ukibana mgongo ukutani. Azima ile lenzi ya milimita 18–55 inayouzwa pamoja na kamera, iweke 18, inapoona pana zaidi. Funga tundu la lenzi hadi f/8 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo) ili pazia la mbele na mlango wa nyuma vyote vionekane sawasawa. Andaa taa, kwa sababu kutoka f/2.8 hadi f/8 mwanga unabaki sehemu moja ya nane. Najua wengi tunapenda nyuma pawe ukungu, panapendeza. Lakini hapa ukungu unauficha mlango, na hofu yote inatoka mlangoni.

Kisha usikate. Mwenye nyumba aingie, aweke funguo, avue viatu, anywe maji, sisi tukijua nani yuko nyuma ya pazia. Litazame pigano la kwenye korido katika filamu ya Oldboy ya Park Chan-wook (2003). Kamera inasogea ubavuni mwa wapiganaji kwa shoti moja, na walihitaji siku tatu na kurudia mara 17 kuipata. Mhusika anachoka mbele ya macho yetu, kwa muda uleule anaochoka yeye. Shoti za sekunde mbili zingeuficha uchovu huo.

Sasa njoo kwenye kisasi chenyewe, maana hapa aliyejificha ndiye tunayempenda. Baada ya shoti pana, ingia naye nyuma ya pazia. Milimita 50 yako sasa ni mali: jicho lake, jasho, na ule upenyo mwembamba anaochungulia. Adui akitoka kwenye upenyo, usimfuate. Tusikie nyayo, bomba likifunguliwa, kimya. Rekodi sauti hizo pembeni, kwa utulivu, na muziki uutoe kabisa.

Kama hadithi inaruhusu, adui aingie na bintiye mdogo aliyelala begani. Katika shoti pana tumuone mtoto kabla kijana hajamuona. Kuanzia hapo hatuogopi tena kwamba atakamatwa. Tunamwogopa yeye na kisu chake, huku bado tunamtakia haki ya kaka yake. Mimi tukio zima ningelijenga juu ya mtoto huyo.

Kijana atakapomuona mtoto, sogeza kamera kuelekea usoni mwake, nusu mita kwa sekunde 20. Huna reli ya kusogezea kamera? Kaa na kamera kwenye kiti cha magurudumu, msaidizi akusukume. Usikuze picha kwenye uhariri kuigiza mwendo huo: uso utakuwa mkubwa, lakini pazia na ukuta wa nyuma vitakua kwa kiwango kilekile, na mtazamaji hatahisi kwamba amemsogelea. Mkato wa ghafla uwe mmoja tu, mkono wake utakapoligusa pazia.