Bahari ilikuwa sehemu rahisi

Mmeuliza wiki hii ni riwaya gani ya makuzi, yaani ya kijana anayekua, tungempa mdogo wetu aliyemaliza form four. Mie nampa The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, dada wa Mombasa, ilitoka 2021 na mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin, tuzo ya vitabu yenye jina la yule mwandishi wa Marekani, dola 25,000 hizo jamani.

Kuna binti anaitwa Aisha, baba yake mvuvi kapotea baharini, basi akapanda chombo cha mifupa kwenda kumtafuta na mwenzie safarini ni paka, tena paka msomi, ana maneno huyo! Wanapambana na madude matatu ya baharini na la mwisho ndo Baba wa Papa. Mie mtu wa Kilindoni, Mafia, kwetu papa potwe ni mkubwa kama daladala lakini hana neno na mtu, anajilia zake vijidudu, kwa hiyo nilianza kusoma nacheka. Baadae nikaacha kucheka.

Maana vitabu vingi vingeishia pale mzee anapopatikana. Hiki hapana, binti anarudi nyumbani kumbe kazi ndo kwanza inaanza, bibi yake Hababa Swafiya anataka aolewe atulie, na mtu ushamkabili Baba wa Papa utatuliaje? Hapo mwandishi alinipata. Nilikuja Dar nina miaka 17, nikalala stoo ya mjomba Kariakoo, nikabeba mizigo, Idi nikarudi kwetu na laki mbili mfukoni najiona mwanaume kamili, nimeshuka tu kwenye boti ya Nyamisati nafika mlangoni mama ananiambia weka begi kachote maji. Nikachota.

Kinachoniuma, kitabu chenyewe kiko kwa Kiingereza. Watu wa Mombasa ile ya Mji wa Kale, manahodha, mabibi, wote wanaongea kizungu, nilikuwa nasoma kwenye daladala huku kichwani nawarudisha wenyewe kwenye Kiswahili chao, nikifika kwenye Baba wa Papa napumzika maana hapo mwandishi kaliacha jina hivyo hivyo kwa Kiswahili. Mtu akitafsiri mie nanunua kopi tatu, moja ya mama.

Dogo nimeshampa, anasoma na dikshenari ya simu. Jana kaniuliza yule paka ni jini au ni paka tu, nikamwambia endelea.