Barua kwa mwanangu: Peugeot 504 ya Malindi

Mwanangu,

Umeniuliza kama shilingi 420,000 ni bei ya haki kwa ile Peugeot 504 stesheni wagoni ya petroli iliyokaa Malindi miaka yote hiyo. Jibu liko chini ya gari, kwa hiyo nenda na tochi, bisibisi na nguo za kuchafuka. Gari la namna hii huuzwa kwa bati lake. Injini ikichoka, unanunua seti ya silivu (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) na pistoni, unaitoa ya zamani na kuingiza mpya bila kuchonga bloku. Bodi iliyoliwa na chumvi ya pwani haina njia ya mkato kama hiyo.

Funga sumaku kwenye kitambaa, uipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na ukingo wa chini wa mlango wa buti. Isiposhika, ujue ni pati tupu, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, chini ya rangi. Inua kapeti pande zote mbili, udunge sakafu kwa bisibisi. Kisha fungua boneti, utazame trei ya betri na pale vichwa vya shokomzoba za mbele vinapofungwa. Ukikuta kiraka kimechomelewa juu ya kiraka hapo juu ya shokomzoba, aga kwa adabu uende zako. Nyuma, wagoni hubeba springi nne, mbili kila upande. Angalia vikalio vyake kama bado ni chuma au ni maganda.

Kabla muuzaji hajawasha injini, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ina moto, ameipasha makusudi. Mwambie utarudi kesho asubuhi. Ikiwa baridi, fungua rejeta uchungulie, kisha vuta dipstiki. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yana maji. Utaambiwa "ni gasketi tu", na huenda ni kweli. Lakini hedi, kile kichwa cha alumini kilichofungwa juu ya bloku, hupinda injini ikichemka, na kuna jambo la tatu ambalo wauzaji hawalitaji: fundi akifungua hedi akazungusha injini bila kuzibana silivu, silivu huinuka, na sili ya chini yake haizibi tena. Hapo maji hushuka moja kwa moja kwenye sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, na gasketi mpya haitasaidia kitu.

Plagi za injini hii zimekaa ndani kabisa ya mirija inayopita kwenye mfuniko wa vali. Chomoa zote nne. Mirija ikiwa imejaa mafuta, ni mipira tu imekauka, kazi ya bei ndogo. Ukiwa umezichomoa, fundi wako apime kompresheni injini ikiwa na joto na kabureta ikiwa wazi kabisa. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15, hesabu oveholi. Kelele ya vali isikutishe: hurekebishwa injini ikiwa baridi, milimita 0.10 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa ekzosi.

Tazama feni pia. Ya kiwandani hushikwa na sumaku ya umeme maji yakipata moto. Wengi wameifunga kwa bolti izunguke daima. Si dhambi, ila uliza kwa nini. Mara nyingi ni gari lililowahi kuchemka.

Barabarani, sikiliza difu (gia za ekseli ya nyuma) ukiachia mafuta na uone kama gia ya pili inakwaruza ukishuka.

Kisha hesabu vitu vya wagoni peke yake: mlango wa buti, vioo vya ubavuni nyuma, taa za nyuma, siti. 504 ya saluni iliyokufa haitakupa hivyo, na kioo kimoja kinaweza kukusumbua mwaka mzima. Akikusifia kwamba 504 ilishinda mbio za Safari Rally, usiilipie sifa hiyo. Iliyoshinda 1975 ilikuwa saluni na ya 1978 ilikuwa kupe, ile ya milango miwili.

Makaratasi: tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kabla ya kutoa hata thumni. Namba ya injini lazima ifanane na logbuku, kwani nyingi zimebadilishwa injini. Jina likiwa la marehemu, watoto wake hawawezi kukuuzia bila idhini ya mirathi kutoka mahakamani.

Sasa bei. Tafuta gari safi la aina hiyo liliuzwa ngapi kweli, maana bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Tuseme 600,000. Fundi wa bati akikadiria 150,000, hedi na gasketi 60,000, matairi na breki 70,000, hizo ni 280,000. Ongeza robo, 70,000, kwa yale yatakayoonekana rangi ikishakwanguliwa. Unabaki na 250,000. Anzia 220,000. Silivu zikiwa nzima na vioo vyote vipo, unaweza kupanda hadi 280,000. Akishikilia 420,000 na kiraka kipo pale juu ya shokomzoba, mwachie gari lake, unipigie ukiwa njiani.

Mamako