Jibu: Tukikutana na viumbe wa sayari nyingine, tutajuaje kama wana akili?

Mkuu, umeuliza tutawatambuaje hao viumbe, na kama tutakuwa na haki ya kuwagusa. Mimi ningeanzia kwa pweza. Babu wa mwisho tunayechangia naye aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kidude kama mnyoo tu, kwa hiyo akili yake imejijenga kivyake kabisa. Ana mioyo 3 na seli za neva kama milioni 500, nyingi zikiwa kwenye mikono, si kichwani. Mwaka 2016 huko New Zealand, pweza aitwaye Inky alijipenyeza usiku kwenye mwanya wa mfuniko wa tangi alimofugwa, akatambaa sakafuni hadi kwenye bomba la kutolea maji, akarudi baharini. Bila kuaga!

Sasa sisi tunamfanyaje? Maji ya bahari yakitoka anachomolewa pangoni kwa chuma, anapigwapigwa kwenye jiwe alainike, jioni ni supu. (Nami nainywa, sijitoi.) Uingereza ilimtambua kisheria kama kiumbe mwenye hisia mwaka 2022 tu.

Cha ajabu, mwaka 2017 NASA, shirika la anga la Marekani, walikitosa chombo chao Cassini ndani ya sayari ya Zohali kiungue, kisije kikapeleka vijidudu vya duniani kwenye mwezi wake uitwao Enceladus, wenye bahari chini ya barafu. Uangalifu wote huo kwa viumbe ambao huenda hata hawapo.

Kwa hiyo wanaosema kipimo cha akili kiwe lugha au mitambo, sikubaliani nao. Inky hakuwa na hata kimoja.