Kabla ya Kunukuu Idadi ya Vifo vya Saratani: Kwa Wanaoanza Kazi ya Takwimu za Afya

Haitachukua muda kabla hamjaulizwa saratani inaua watu wangapi nchini Kenya kwa mwaka, na aliyeuliza atataka jibu kabla ya saa sita mchana. Mwanzoni mwa 2021 niliulizwa hivyo. Nilichukua makadirio ya saratani duniani yaitwayo GLOBOCAN, ya 2018, yaliyotaja vifo 32,987, nikayaweka kando ya yale ya 2020, yaliyotaja 27,092, kisha nikaandika kwa kujiamini kwamba vifo vimepungua kwa karibu 6,000 katika miaka miwili. Mzee mmoja wa kitengo chetu aliisoma taarifa hiyo akaniuliza, bila kuinua kichwa, hao 6,000 walitibiwa wapi. Sikuwa na jibu, na ile sentensi niliifuta.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba tarakimu zile hazikutokana na kuhesabu vifo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, linalotoa GLOBOCAN na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, hutegemea usajili wa vifo pale tu unapofanyika kikamilifu. Kwa nchi kama yetu, ambako vifo vingi havifiki katika daftari lolote, wataalamu wake huanza na wagonjwa wapya waliorekodiwa na sajili chache za saratani, zikiwemo za Nairobi na Eldoret, wakayapanua hayo yawe ya taifa zima, kisha wakakadiria ni wangapi kati ya wagonjwa hao watakuwa wamefariki. Data au mbinu ikibadilika, jumla hubadilika hata kama makaburini hakuna kilichobadilika. Shirika lenyewe huonya kwamba matoleo yake yasilinganishwe ili kupima mwelekeo, na onyo hilo nilikuwa nimelipita.

Hata sajili zenyewe zina mitego yake. Mgonjwa wa Murang'a anayekuja Nairobi kutibiwa hulala kwa mwanawe Kayole, na akiulizwa makazi hutaja Kayole. Asipodadisiwa, huhesabiwa kuwa mkazi wa jiji, na kosa hilo husafiri hadi kwenye makadirio ya nchi. Vilevile, sajili ikiwaonyesha kwamba hakuna hata mgonjwa mmoja aliyejulikana kwa cheti cha kifo pekee, msiharakishe kuisifu, kwa kuwa mara nyingi maana yake ni kwamba vyeti vya vifo havijawahi kuwafikia watunzaji wake.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambako mtatumia muda mwingi zaidi. Kifo cha hospitalini huandikwa kwenye fomu ya D1, na cha nyumbani kwenye D2, inayojazwa na naibu wa chifu kwa maelezo ya familia. Naibu wa chifu si daktari, naye huandika alichoambiwa. Akiambiwa marehemu alikuwa na saratani ya koo, ataandika koo. Lakini koo kwetu ni neno pana: kuna koo la kupitishia sauti na pumzi, na kuna umio unaopitisha chakula, na katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, umio una msimbo wake, C15, ilhali koo lisilofafanuliwa huangukia C14. Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua sana Kenya, kwa hiyo kila "koo" linaloachwa hivyo hivyo huipunguzia hesabu yake. Ndivyo ilivyo pia kwa "saratani ya kizazi": mlango wa kizazi ni C53, lakini kizazi bila maelezo zaidi ni C55, na mtu anayetafuta vifo ambavyo chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ingeweza kuzuia hatawaona wanawake hao. Swali moja kwa familia, kama vile iwapo marehemu alikuwa akishindwa kumeza ugali na baadaye hata uji, husaidia kuliko saa nzima ya kukisia mbele ya kompyuta.

Fomu ya daktari nayo isiaminiwe kwa sababu tu ina muhuri. Nakumbuka moja ya mama wa miaka 58: mstari wa kwanza ulisema moyo na mapafu kusimama, wa pili ini kushindwa kufanya kazi, wa tatu saratani ya ini. Kwa fomu hiyo peke yake msimbo ungekuwa C22. Faili lake, hata hivyo, lilionyesha kwamba miaka mitatu kabla alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa saratani, nao uvimbe wa ini ulikuwa umesambaa kutoka huko. Chanzo cha msingi cha kifo, yaani ugonjwa ulioanzisha yote, kilikuwa saratani ya matiti, C50. (Kusimama kwa moyo, nawaomba, msikuhesabu kuwa chanzo cha chochote, hakuna anayekufa moyo ukiendelea kupiga.)

Kuna pia kifo kinachotoka kwenye hesabu ya saratani bila mtu yeyote kukosea. Mwenye virusi vya UKIMWI akifa kwa sarkoma ya Kaposi, saratani inayowapata sana wenye virusi hivyo, kanuni za toleo hilo la 10 humweka B21, upande wa UKIMWI, wakati sajili ya saratani imemwandika mgonjwa huyo huyo kwa jina la ugonjwa wake. Mkikuta vyanzo viwili havikubaliani kuhusu Kaposi, anzieni hapo kabla ya kumlaumu mtu.

Kwa hiyo katika taarifa zenu andikeni "makadirio", tajeni toleo na mwaka, na kando yake wekeni idadi ya vifo vilivyosajiliwa pamoja na sehemu iliyopewa msimbo C80, yaani saratani isiyojulikana ilikoanzia. Wakubwa hawaipendi safu hiyo ya mwisho, iacheni ibaki. Na mkikuta fomu yenye shaka, mpigieni simu daktari wa zamu siku hiyo hiyo, faili likiwa bado wodini, maana likishashuka stoo na daktari akahamishwa kituo, saratani ya ini itabaki kuwa saratani ya ini.