Maswali yenu kwa wakili: Nimeacha kumpigia shangazi yangu simu

SWALI: Shikamoo Bi Wakili. Mimi ni Mbajuni, mzaliwa wa Faza, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Columbus, Ohio. Shangazi yangu aliyenilea yuko Kismayu. Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa nampigia. Mwaka jana mume wangu alisoma habari za dereva wa teksi wa San Diego, Msomali, aliyefungwa kwa mambo ya ugaidi, akaona imeandikwa kwamba serikali ilimfikia kupitia orodha za simu za watu wote. Akaniambia nisipige tena Kismayu. Shangazi ni mtu mzima, anawauliza watu amenikosea nini. Na mume wangu huyo huyo, akisikia mtu analalamika kuhusu upelelezi wa serikali, husema asiye na hatia hana la kuogopa. Nauliza: ni halali serikali kuchukua orodha ya simu za kila mtu? Na kama hawasikilizi maneno yetu, sisi watu wa kawaida tunadhurika nini?
Bi S., Columbus

JIBU: Marahaba mwanangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake nililijua kabla sijaingia chuo cha sheria.

Mwaka 1979 niliajiriwa opareta wa simu katika mji mdogo wa pwani. Tulikaa wasichana wawili mbele ya bodi, vipokea sauti masikioni, tunachomeka nyaya. Kwa kila simu ya masafa tulijaza tiketi, kikaratasi kidogo cha kutozea malipo: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, dakika ngapi. Kusikiliza mazungumzo kulikuwa marufuku, nami sikusikiliza. Lakini mwisho wa mwezi, nikizipanga zile tiketi, nilikuwa najua mengi kuhusu majirani zangu kuliko walivyodhani. Nilijua duka gani linakufa, kwa sababu mwenyewe anapiga benki, kisha kwa muuzaji wa jumla Mombasa, dakika mbili mbili, mara tatu kwa siku. Nilijua bwana gani hupiga namba moja ya Nakuru saa nne usiku, na kwamba hupiga tu mkewe akiwa safarini.

Alfajiri moja nyumba ya mwalimu mmoja ilipiga hospitali ya mkoa. Dakika sita. Baadaye ikapiga miji minne, kwa ndugu zake, dakika moja kila mahali. Nilimwambia mwenzangu tuchukue kanga zetu. Tulifika matangani kabla ya tangazo kutoka msikitini, na mjane akatuuliza nani katuambia. Hakuna aliyetuambia. Sikuweza kumjibu, na mpaka leo nikikumbuka uso wake naona haya, maana msiba wake niliujua kabla hajapenda niujue.

Hizo ni tiketi za mji wenye simu hazifiki mia mbili. Sasa mfikirie anayekusanya za Marekani nzima, kila siku, na kuziweka miaka mitano.

Hicho ndicho kilichofanyika. Juni 2013 gazeti la The Guardian lilichapisha amri ya siri ya mahakama, iliyoelekezwa kwa kitengo cha kampuni ya Verizon, kikabidhi kwa shirika la kijasusi la NSA rekodi za simu zote za wateja wake: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Haikutaja mshukiwa. Aliyetoa nyaraka hizo ni Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkandarasi wa NSA. Miezi mitatu nyuma, mbele ya kamati ya Seneti, mkuu wa idara zote za ujasusi James Clapper aliulizwa waziwazi kama NSA inakusanya taarifa zozote za mamilioni ya Wamarekani. Alijibu hapana.

Je, ilikuwa halali? Ungeuliza mwaka 2010 ungejibiwa ndiyo, majaji wametia saini. Na kweli walitia. Tangu mwaka 2006 mahakama maalumu ya ujasusi, iliyoundwa mwaka 1978, ilikuwa ikiidhinisha mpango huo na kuuongezea muda kila baada ya siku 90 hivi. Lakini katika mahakama hiyo upande mmoja tu ulisimama, wa serikali. Hakuna wakili aliyeketi kwa niaba yako. Nimesimama mahakamani miaka thelathini, mwanangu, na naweza kukuambia kesi isiyo na upande wa pili inavyokwenda: hoja dhaifu inapita kwa sababu hakuna wa kuigusa.

Hoja yenyewe ilikuwa hii. Kifungu cha 215 cha sheria ya kupambana na ugaidi ya mwaka 2001 kiliruhusu kuchukua vitu vinavyohusiana na uchunguzi fulani. Serikali ikasema simu zote za nchi zinahusiana na uchunguzi, kwa kuwa humo ndani huenda mna ya gaidi. Ni sawa na kusema kila nyumba ya mtaa ni ushahidi kwa kuwa mwizi huenda anaishi katika mojawapo. Ikaegemea pia hukumu ya Mahakama Kuu Kabisa ya mwaka 1979, mwaka ule ule nilioshika kazi ya opareta. Pale polisi wa Baltimore walikuwa wamefuatilia namba alizopiga mtu aliyeshukiwa kumpora mwanamke na kumtishia kwa simu. Mahakama ilisema namba unazopiga umekwisha kuipa kampuni ya simu, kwa hiyo si siri yako tena. Mtu mmoja, laini moja, kosa moja lililojulikana. Kulivuta jambo hilo hadi likafunika taifa zima ni kitu ninachokiona kibaya, na sitalipunguza makali neno hilo.

Mpango ulipoanikwa hadharani, mahakama za wazi zilianza kusikiliza pande zote mbili. Hazikukubaliana mara moja, na ni haki uambiwe hivyo. Desemba 2013 jaji mmoja wa Washington alisema yaelekea unavunja Katiba, na siku kumi na moja baadaye jaji wa New York akasema ni halali. Mei 2015 Mahakama ya Rufaa ya New York ikatamka kwamba kifungu cha 215 hakikuruhusu kamwe ukusanyaji wa namna ile. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuukomesha, na mwishoni mwa Novemba 2015 ukakoma.

Sasa tumfikie dereva wa teksi, maana yeye ndiye aliyekukata simu na shangazi yako. Alitiwa hatiani Februari 2013, kabla dunia haijajua lolote, kwa kupeleka fedha kwa al-Shabaab, dola elfu nane na kitu. Yeye na mawakili wake hawakujua kwamba orodha za simu zilihusika. Walijua Juni, wakuu wa usalama walipokwenda Bungeni kuutetea mpango na kuitaja kesi yake kama faida yake. Alikata rufaa. Septemba 2020 Mahakama ya Rufaa ya kule magharibi ilisema ukusanyaji ulivunja sheria, na huenda Katiba pia. Ikasema vilevile kwamba maelezo ya wakuu kuhusu mchango wa orodha zile hayakulingana na kumbukumbu za siri ambazo majaji wenyewe walizisoma. Na bado hukumu yake ikabaki, kwa kuwa ushahidi uliomfunga, walisema, haukutokana na orodha hizo.

Zingatia alichofungiwa. Hakufungwa kwa kupiga simu Somalia. Alifungwa kwa fedha zilizokwenda kwa kundi lililopigwa marufuku. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mumeo hakuiona, au aliiona na bado akaogopa, nami simlaumu kuogopa.

Lakini lile neno lake, kwamba asiye na hatia hana la kuogopa, amelivunja mwenyewe pale nyumbani kwenu. Wewe huna hatia. Shangazi yako hana hatia. Na bado simu ya Ijumaa imekatika. Hakuna askari aliyebisha hodi, hakuna aliyewaonya. Mmejinyamazisha wenyewe kwa kuhisi kwamba kuna daftari mahali fulani na jina lenu limo. Ukiniuliza mtu wa kawaida anadhurika nini, nakuonyesha mwanamke mzima wa Kismayu anayeuliza amekosa nini.

Na hofu yenu haikuwa ya kijinga. NSA ikitilia shaka namba moja, iliruhusiwa kuangalia waliowasiliana nayo, kisha waliowasiliana na hao, kisha waliowasiliana na hao tena. Tuseme kila mtu ana watu mia moja kwenye simu yake: hatua ya kwanza mia, ya pili elfu kumi, ya tatu milioni. Mwaka 2012 namba za kuanzia zilikuwa chini ya 300, lakini piga hesabu uone zilifika wapi. Mtu anayepigia duka la hawala linalotumiwa na jamii nzima ya Wasomali na Wabajuni yuko ndani kabla ya hatua ya tatu.

Kwa faida gani? Bodi ya serikali yenyewe inayosimamia faragha ilipekua faili na kutoa ripoti Januari 2014. Haikuona hata tukio moja la tishio kwa Marekani ambapo mpango huo ulibadilisha matokeo ya uchunguzi. Mtu pekee ambaye labda ulisaidia kumtambua ni yule dereva, ambaye hakuwa akipanga shambulio lolote, na bodi ikasema huenda polisi wangemfikia bila hizo orodha.

Basi mpigie shangazi yako Ijumaa hii. Kupiga simu Kismayu si kosa katika sheria yoyote ya Marekani. Ukimtumia fedha, tuma kwa jina lake kamili kupitia wakala mwenye leseni na uweke risiti. Ukiombwa mchango wa watu usiowajua, hata kwa jina la mayatima, uliza unakwenda kwa nani, na ukikosa jibu usitoe. Akija afisa mlangoni kukuuliza habari za simu zako, una haki ya kumwambia utazungumza ukiwa na wakili. Mwonyeshe mumeo barua hii. Na shangazi mweleze ukweli, kwamba mliogopa.

SWALI: Binti yangu anasoma Minnesota, mimi niko Malindi. Sheria hiyo ya Marekani inanilinda na mimi?
Mzee K., Malindi

JIBU: Kaka yangu, kidogo mno. Ulinzi niliomweleza Bi S. ni wa walio ndani ya Marekani. Kwa mgeni aliye nje kuna kifungu cha 702, cha mwaka 2008, kinachoiruhusu serikali yao kunasa hata maneno yenyewe, bila kibali cha jaji kwa kila mtu, ikitafuta habari za kijasusi. Mwaka 2024 Bunge lao lilikiongezea miaka miwili. Binti yako akiongea na mgeni anayefuatiliwa, maneno yake nayo yanaingia humo. Na mwaka 2014 nyaraka za Snowden ziliitaja Kenya miongoni mwa nchi ambazo rekodi za simu zake zilikuwa zikikusanywa na NSA.

Kinga yako iko hapa nyumbani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano yako. Hakijilindi chenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano ilipotaka kuunganisha mtambo kwenye mitandao ya kampuni za simu, ikisema ni wa kunasa simu bandia, Mahakama Kuu iliuzuia Aprili 2018, na Mahakama ya Rufaa ikaigeuza hukumu hiyo Aprili 2020. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuiuliza kampuni yako ya simu ina taarifa zipi zako. Iandikie barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikujibu, niletee hilo jibu nami nilisome.