Kitambulisho na kura yako: maswali yenu

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na barua nyingi nilizopata ni za kitambulisho. Nimechagua nne.

*Nilijiandikisha kwa pasipoti. Siku ya kura naweza kubeba kitambulisho cha taifa? (Msomaji, Nakuru)*

Hapana. Hati uliyojiandikisha nayo ndiyo utakayokwenda nayo kituoni. Picha iliyo kwenye simu haikubaliki, wala nakala.

*Nimengoja kitambulisho miezi mingi, nina ile karatasi ya kusubiri tu. (Kijana, Mandera)*

Karatasi hiyo haikuandikishi kuwa mpiga kura, mdogo wangu, na inaniuma kukuambia hivyo. Vijana wa kaunti za mpakani wamesumbuliwa miaka mingi kwa msasa wa ziada, yaani kuhojiwa kuthibitisha uraia, ambao mwenzao wa Nyeri hakuwahi kuupitia. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba msasa huo umeondolewa. Kwa hiyo chifu au karani akikutaka uende mbele ya kamati ya wazee, muulize kama msasa bado unaruhusiwa baada ya tangazo hilo, kisha ufuatilie kila wiki. Usingoje 2027.

*Kuna mtu anakusanya vitambulisho kijijini, anatoa pesa kidogo, anasema atavirudisha baada ya uchaguzi. (Mama, Kilifi)*

Usimpe, mama. Huyo ananunua kukaa kwako nyumbani. Bila kitambulisho hupigi kura, naye anajua eneo lenu lina kura za nani. Kumhonga mtu asipige kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Waliokwisha kutoa vyao waende polisi sasa.

*Mama yangu amechuma majani chai tangu ujana na alama za vidole zimefutika. Mashine ikimkataa atarudishwa? (Msomaji, Kericho)*

Hapaswi kurudishwa. Mashine ya KIEMS, ile ya kielektroniki ya kutambua wapiga kura iliyoanza kutumika 2017, hujaribu kidole kwanza. Kikigoma, karani hujaribu vingine, kisha huingiza nambari ya kitambulisho. Picha ya mama yako itatokea kwenye kioo, na msimamizi wa kituo ataiangalia picha hiyo, kitambulisho, na uso wa mama mwenyewe. Hapo hujazwa Fomu 32A mbele ya mawakala wa vyama, kisha anapewa karatasi za kura kama mwingine yeyote. Hata mashine zikifa kabisa kuna daftari lililochapishwa. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliruhusu litumike katika sehemu za Kakamega na Makueni.

Lijue jina la fomu hiyo, maana karani aliyechoka saa kumi jioni anaweza kuisahau. Vidole vinavyofutika ni vya wachuma chai, waponda kokoto na mama wanaofulia watu nguo, na siwezi kukubali kwamba kazi ngumu imnyime mtu sauti. Mpeleke asubuhi na umwombee nafasi ya mbele, kwa sababu wazee hupishwa kwenye foleni. Akishatambuliwa, wewe subiri nje. Kidole kisichosomeka na mashine bado kinashika kalamu, na kura ataipiga mwenyewe.